Machicha Hayangoji

Tarehe 10 Machi 1999 Mahakama ya Juu ya Japani iliamua swali ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni mzaha: machicha ya soya ni chakula au ni taka? Mshtakiwa alikuwa akiyazoa kutoka kwa watengenezaji wa tofu, akilipwa ujira wa kuyaondoa, bila kuwa na leseni ya kushughulikia taka za viwandani. Utetezi ulikuwa mwepesi kueleweka. Machicha hayo, ambayo Wajapani huyaita okara, huliwa na watu, hulishwa mifugo, hurutubisha mashamba. Taka gani hiyo? Mahakama haikubisha kwamba yana faida. Ilitazama mambo mengine: machicha huoza upesi mno, yanayouzwa kama chakula ni kiasi kidogo tu, na yaliyobaki ama hugawiwa bure ama mwenye nayo hutoa fedha yake mfukoni ili yaondoke mlangoni kwake. Kwa hiyo ni taka. Nchi ambayo hutajwa kuzalisha takriban tani 800,000 za machicha ya soya kwa mwaka, na inayoagiza sehemu kubwa ya chakula cha mifugo kutoka ng'ambo, ilijikuta ikithibitisha kisheria kwamba protini inaweza kuwa taka, kwa sehemu kwa sababu ya saa.

Nashikilia kwamba mahakama hiyo iliona jambo ambalo wauzaji wengi wa bakteria wa faida hawaligusi. Mazungumzo juu ya kuchachusha mabaki ya soya, na mabaki mengine yanayofanana nayo, hutawaliwa na ahadi za afya: tumbo safi, kinga imara, kuku wanaonenepa haraka. Ahadi hizo zina chembe za ukweli nitakazozipima hapa chini. Lakini faida ya kwanza, na kwa pwani yetu faida kubwa kuliko zote, ni kwamba bakteria waliochaguliwa vizuri huyapa machicha muda, na humlinda atakayeyala dhidi ya viumbe wengine ambao wangefika kabla yao. Anayekubali hoja hii atatumia fedha zake tofauti na anayefuata matangazo.

Chukua Kigombe, kijiji cha wilaya ya Muheza kwenye barabara itokayo Tanga kwenda Pangani, bahari mbele yake na mkonge nyuma yake. Hakuna kiwanda cha tofu Kigombe, na sioni dalili kwamba kitakuwapo. Msomaji ana haki ya kuuliza soya inahusiana nini na wavuvi na wakulima wa minazi. Kwanza, soya si mgeni wa mbali kiasi hicho. Iliingia nchini mwaka 1907 kupitia kituo cha utafiti cha Wajerumani kule Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, katika wilaya hiyohiyo ya Muheza. Haikushika mizizi pale. Leo ukitafuta soya kwa wingi utaelekea Ruvuma na nyanda za kusini, na tangu mwaka 2020 China imefungua soko lake kwa soya ya Tanzania. Pwani inaijua zaidi ikiwa ndani ya unga wa lishe, au ikiwa maziwa ya soya yanayokamuliwa kwa mikono na kuacha machicha yake kwenye kitambaa. Pili, na hili ndilo lenye uzito, machicha ya soya yana ndugu. Pwani hukamua nazi kila siku. Mashamba ya mkonge hukwangua majani na kubakiza karibu jani zima. Haya matatu yanafanana katika jambo moja lililoishughulisha mahakama ya Japani: yamelowa, yana chakula ndani yake, na yakilala yanaharibika.

Nyumbani tatizo hili halipo, na ni vizuri tuliseme mapema ili tusimuuzie mtu dawa ya ugonjwa asioumwa. Anayekuna nazi kwenye mbuzi, akakamua tui la kwanza na la pili, hubaki na konzi chache za machicha, na kuku wanayajua kabla hajainuka. Hakuna cha kuchachusha hapo. Tatizo huanza machicha yanapokusanyika mahali pamoja: kwa mwenye mashine ya kukuna nazi sokoni, kwa kikundi kinachokamua mafuta ya nazi ya kuuza, kwa msindikaji wa maziwa ya soya anayepata ndoo kadhaa kila asubuhi, na zaidi ya wote kwenye korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Hapo kuku hawatoshi.

Hebu tuyatazame machicha ya soya kwa karibu. Kilo moja ya soya kavu iliyolowekwa, ikasagwa na kukamuliwa, huacha zaidi kidogo ya kilo moja ya machicha mabichi. Ukiyabana mkononi yanashikana kama unga uliokandwa nusunusu, na maji bado yanatoka kati ya vidole, kwa kuwa robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji. Ukiyakausha kabisa, karibu robo ya kinachobaki ni protini, karibu nusu ni nyuzinyuzi, na mafuta yapo ya kutosha kuvutia wadudu. Uchachu wake ni mdogo, karibu sawa na maji ya kawaida. Kwa joto la Tanga, hiyo ni karamu iliyoachwa wazi. Asubuhi yananukia maharage mabichi. Kufika jioni harufu imegeuka. Kesho yake yana utelezi na hakuna anayetaka kuyashika. Kilichotokea ni mashindano. Bakteria wa kuozesha, ukungu na chachu, wote wameanza kula, na aliyekuwa mwingi zaidi mwanzoni au mwepesi zaidi wa kuzaana ndiye aliyeshinda.

Bakteria wa asidi laktiki, jamaa wa wale wanaogandisha maziwa, wana silaha moja kubwa: wanageuza sukari kuwa asidi nyingi kuliko wengine wanavyoweza kuvumilia. Kipimo cha pH kikishuka kutoka karibu 6.5 hadi chini ya 4.5, wengi wa waozeshaji wanasimama, na machicha yaliyoshindiliwa bila hewa yanaweza kukaa wiki na miezi badala ya saa. Lakini silaha hiyo inahitaji risasi, nayo ni sukari, na hapa machicha ya soya yana upungufu: sukari nyingi imekwenda na maziwa. Ndiyo maana anayemwaga bakteria kwenye machicha matupu na kungoja muujiza mara nyingi hupata uozo uleule. Huongezwa molasi kidogo, au pumba za mahindi ambazo pia hunyonya maji yaliyozidi, hushindiliwa hadi hewa itoke, hufunikwa kabisa. Mfugaji aliyewahi kutengeneza saileji ya majani atasema hajaona jipya, na atakuwa sahihi.

Sasa kuhusu ahadi. Ni kweli kwamba baadhi ya bakteria hawa huvunja rafinosi na stakiosi, zile sukari za soya zinazojaza tumbo gesi. Ni kweli pia kwamba baadhi hupunguza fitati, inayofunga madini ya chuma na zinki, na kwamba hubadilisha isoflavoni za soya kuwa katika hali ambayo utumbo huipokea kwa wepesi zaidi. Si kweli kwamba wanamaliza nyuzinyuzi. Bakteria wa asidi laktiki hawali selulosi, na nusu ya machicha makavu ni nyuzinyuzi; kuku atakayeyala baada ya kuchachushwa atakutana nazo karibu zote. Wala uchachushaji usichukuliwe kama mbadala wa moto. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini vinavyomzuia mlaji asifaidi protini, na njia ya kuaminika ya kuvipunguza bado ni kupika. Waindonesia wanaotengeneza oncom kutokana na machicha ya soya hutumia ukungu, kwa kuwa ukungu ndio unaoweza kushughulika na nyuzinyuzi kwa kiasi fulani. Ni kazi nyingine, yenye mafundi wengine na hatari nyingine.

Neno probiotiki lenyewe lina mipaka ambayo wauzaji huipita kimyakimya. Wataalamu walioitwa na FAO na WHO mwaka 2001 waliafikiana kwamba ni vijidudu hai ambavyo, vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humpa mlaji faida ya kiafya. Hai, kiasi cha kutosha, faida iliyothibitishwa: masharti matatu. Machicha yaliyochachushwa na bakteria bora duniani, kisha yakapikwa au kuokwa, hayana tena bakteria hai. Yanaweza kuwa chakula kizuri bado, lakini yamekwisha kuanguka kwenye sharti la kwanza. Afrika Mashariki ina mifano ya kazi iliyofanywa kwa uangalifu upande huu. Mwanza, tangu miaka ya 2000, vikundi vya kina mama vimetengeneza mtindi wenye aina ya bakteria waliochunguzwa kwa miaka, kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania na Kanada. Uganda, na baadaye Tanzania, shirika la Yoba for Life lilisambaza kianzio chenye bakteria aliye nakala ya bakteria mmoja maarufu wa probiotiki aliyehifadhiwa kwa hataza tangu miaka ya 1980, hataza ambayo muda wake ulikwisha. Bakteria huyo hawezi kula sukari ya maziwa, kwa hiyo amewekewa mwenzake wa kumvunjia. Hilo dogo linafundisha: bakteria aliyethibitishwa kwenye maziwa hajathibitishwa kwenye machicha mpaka mtu ayapime machicha yenyewe.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki maabara. Linatoka kwa mtu anayesema kwamba watu wetu wamechachusha tangu enzi, bila kununua mbegu kwa mtu, na hawakufa. Togwa imenywewa Tanzania nzima. Na ushahidi uko upande wake: miaka ya 1990 watafiti Wilbald Lorri na Ulf Svanberg walionyesha kwamba watoto waliolishwa uji uliochachushwa walipatwa na kuhara mara chache kuliko wenzao wa uji wa kawaida, na Rose Kingamkono na wenzake wakaona kwamba vijidudu vya maradhi ya tumbo vilipungua katika vinyesi vya watoto waliokunywa togwa mara moja kwa siku kwa siku 13. Huo ni utafiti wa kwetu, juu ya chakula chetu. Kwa nini basi tusiyaachie machicha yajichachushe yenyewe?

Kwa sababu togwa haijiachii yenyewe. Uji umepikwa kwanza, moto umeua wengi. Kimea kimeongezwa, kimeleta sukari na bakteria. Mara nyingi kuna kibuyu au chombo kilekile chenye masalia ya jana. Kila hatua inampendelea bakteria wa asidi, na pH inashuka kwa kasi. Machicha yaliyorundikwa kwenye beseni hayana hata moja kati ya hayo. Na kuna mfano wa kutisha wa kinachoweza kutokea, tena kwa zao ambalo pwani inalijua kuliko soya. Kisiwani Java watu walitengeneza tempe kutokana na machicha ya nazi. Mara nyingi ilikuwa salama. Mara nyingine bakteria aitwaye Burkholderia gladioli aliushinda ukungu uliokusudiwa, akatengeneza sumu isiyo na ladha wala harufu, isiyoharibiwa na kupika, inayozuia chembechembe za mwili kutumia nishati. Waholanzi Mertens na van Veen walimtambua mkosaji miaka ya 1930. Mamia ya watu waliendelea kufa hadi Indonesia ilipopiga marufuku chakula hicho mwaka 1988. Msomaji akifikiri hayo ni ya Asia, akumbuke Chitima, mkoani Tete, Msumbiji, Januari 2015. Watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uvumi ulisema nyongo ya mamba. Uchunguzi ulikuta sumu ileile ya machicha ya Java, na bakteria yuleyule, katika pombe iliyotengenezwa kwa unga wa mahindi ulioharibika.

Bakteria huyo anapenda joto la nyuzi 22 hadi 30, mazingira yasiyo na uchachu, na mafuta ya aina ya nazi. Ungeombwa kumtafutia makazi, ungemwonyesha beseni la machicha ya nazi lililosahauliwa kivulini Kigombe. Kinachotulinda leo ni kwamba hakuna anayeyaweka: yamekamuliwa, yameliwa na kuku, yamekwisha. Siku biashara ya mafuta ya nazi itakapokua na mtu akawaza kuyageuza machicha kuwa unga, vitafunwa au chakula cha mifugo, kinga hiyo ya bahati itaondoka. Anachochukia bakteria huyo kinajulikana pia: pH ikiwa chini ya 5.5 hashamiri, na chumvi humzuia. Hii ndiyo sababu nasema kwamba kuchagua bakteria si anasa ya watu wa mjini. Mbegu nyingi ya bakteria wa asidi, ikiingia mapema pamoja na sukari, inaishusha pH kabla wengine hawajapata nafasi. Na kipimo cha karatasi cha pH kinamwambia mtengenezaji kama imeshuka kweli, kitu ambacho pua haiwezi, maana sumu hii hainuki.

Wapo watakaosema: anika juani, yaishe. Kiangazi, kwenye turubai safi, kwa tabaka jembamba, ni ushauri mzuri, na kwa kiasi kidogo ndio ningeufuata mimi. Lakini masika hupiga pwani ya Tanga kuanzia Machi hadi Mei, na vuli hurudi mwishoni mwa mwaka. Machicha yaliyokauka nusu ni makao ya ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, mikoa ambayo ni mikavu kuliko Kigombe. Na ijulikane kwamba uchachushaji hautibu kosa hilo. Machicha yaliyokwisha kuota ukungu hayasafishwi kwa bakteria wa aina yoyote.

Mkonge ni habari nyingine, na huko ndiko ninakoona kazi kubwa. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. 62 ndiyo iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, kusini kidogo ya Kigombe. Kutokana na miche hiyo Tanga ikawa mkoa wa mkonge. Lakini kwa uzito wa jani bichi singa, yaani nyuzi zake, ni takriban asilimia 4 tu. Kinachobaki, juisi na nyama ya jani, hutoka korona kama mto wa kijani na kwa miaka mingi kilimwagwa mitoni na mabondeni, kikichacha hovyo na kuua samaki kwa kuimaliza oksijeni ya maji. Hapa hali ni kinyume cha soya: sukari ipo ya kutosha, protini ni haba. Machicha ya mkonge hushika asidi yenyewe kwa wepesi, na yakichujwa vizuri ili singa fupi zisijisokote tumboni mwa mnyama, yakashindiliwa bila hewa, yanaweza kulishwa ng'ombe kiangazi. Mkoa wenye wafugaji wadogo waliounda ushirika wao wa maziwa mwaka 1993 na kuwa na kiwanda cha Tanga Fresh hauhitaji kuelezwa thamani ya chakula cha mwezi wa pili, majani yanapokuwa yamekauka.

Ng'ombe, atasema mfugaji, ana kiwanda chake cha kuchachusha tumboni. Kwa nini nimfanyie kazi yake? Hoja nzuri, na inathibitisha yangu. Ng'ombe hahitaji machicha yachachushwe ili ayameng'enye, kwani bakteria wa tumboni mwake wanakula selulosi ambayo wetu hawaiwezi. Anahitaji yawepo Februari ilhali yalitoka korona Novemba. Na upungufu wa protini ndipo soya inaporudi: machicha ya soya yenye protini lakini bila sukari, na machicha ya mkonge yenye sukari lakini bila protini, yanafaa kushindiliwa pamoja. Wazo la kuchanganya taka moja na nyingine limekwisha kupimwa katika uchachushaji wa aina tofauti: watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Anthony Mshandete, walionyesha mwaka 2004 kwamba theluthi mbili ya machicha ya mkonge ikichanganywa na theluthi moja ya mabaki ya samaki hutoa methani zaidi kwa nusu na ushee kuliko kila moja peke yake. Kijiji chenye mkonge nyuma na samaki mbele kinaweza kuuona mfano huo bila ramani. Kampuni ya mkonge ya Katani Limited nayo ilijenga Hale mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge, kwa hiyo machicha hayo yana washindani: anayeyataka kwa ng'ombe atashindana na anayeyataka kwa gesi, na kwa mkonge mtupu, wenye singa fupi nyingi, sina hakika kwamba ng'ombe atashinda.

Inabaki gharama, na hapa hesabu haielekei wanakoelekeza matangazo. Kianzio ndicho rahisi: kwa maziwa, kifuko cha gramu 1 cha kianzio cha Yoba kilitengenezwa kitoshe lita 100, na kundi lililochacha vizuri linaweza kuwa mbegu ya linalofuata kwa mizunguko michache kabla ya kuanza upya. Ghali ni pipa lisilopitisha hewa, molasi, na hasa usafiri, kwa kuwa anayebeba machicha anabeba maji. Kwa sababu hiyo uchachushaji lazima ufanyike pale yanapotoka, siku ileile, na mnyama awe karibu. Kwa Kigombe ningeanza na mkonge kwa ng'ombe, mahali ambapo uzembe utagharimu pipa la saileji tu. Kisha soya iliyopikwa kwa kuku, kila pipa likipimwa pH siku ya pili na kumwagwa ikiwa haijashuka chini ya 4.5. Machicha ya nazi ningeyaacha kwa kuku wa siku hiyohiyo, na kwa chakula cha binadamu nisingeyachachusha kabisa hadi kiwepo chombo cha kupima sumu ya Chitima mahali ambapo mtengenezaji wa pwani anaweza kupeleka sampuli asubuhi na kupata jibu kabla hajauza.